Mamba Aliyewafukuza Watani Wake

Mwalimu Mukuka hakuogopa kufa. Habari za kifo alikuwa amezihubiri miaka ishirini na saba, Jumapili kwa Jumapili, hata ukimsikiliza ungedhani anasimulia safari ya kwenda Kambove na kurudi. Aliyeogopa ni mke wake, Ngosa, na hata yeye hakukiogopa kifo chenyewe. Aliogopa mazishi. Kila alfajiri ya mwezi ule wa saba, mwaka 1951, akisikia kikohozi cha mzee nyuma ya pazia, alijiuliza jambo lile lile: huyu mtu atazikwa na nani?

Usicheke. Najua Élisabethville haikukosa wachimba makaburi. Mji ulikuwa na vibarua wake wenye makoleo, na mtu akifa asubuhi, kesho yake jioni yuko chini na udongo umesawazishwa. Lakini kufukiwa na kibarua ni kitu kimoja, na kuzikwa na watu wako ni kitu kingine. Ngosa aliijua tofauti hiyo vizuri, maana alikwisha kuionja.

Walikuwa wageni, wale wawili, ingawa mtaa wa Albert ulikuwa umesahau. Walitoka ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Waingereza. Misioni ya kwao iliona vijana wake wanavuka mto kwenda kuchimba shaba kwa Wabelgiji, hawarudi, hawaandiki, hawasali. Basi mwaka 1924 ikamtuma Mukuka awafuate, na mke wake pamoja naye. Wakavuka kwa mtumbwi pale Kasenga, wakatembea siku tisa, sufuria kichwani na Biblia kifuani. "Miaka mitatu tu," Mukuka alimwambia mkewe njiani. Ngosa alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na alimwamini.

Maisha yao huko hayakuwa na makuu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla king'ora cha kompani ya shaba hakijalia, mmoja wao alitoka kwenda kupiga kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya kanisa. Zamani alikuwa Mukuka. Tangu Pasaka mkono wake haukuinuka tena, kwa hiyo ni Ngosa aliyejifunga kitenge na kutoka kwenye baridi inayouma vidole, moshi wa tanuru la shaba ukimkwaruza koo, akagonga mara kumi. Baada ya sala, uji. Baada ya uji, hospitali, kuwasalimia wagonjwa wasio na ndugu. Halafu barua: wazee wa kompani walikuja mmoja mmoja na maneno yao ya kupeleka makwao, Mukuka anaandika, Ngosa anakunja. Mchana aliwafundisha wanawake kushona. Jioni bukari, ugali wa huko, na dagaa wakavu waitwao kapenta, sala tena, kulala. Kesho yake hivyo hivyo.

Na walisali na nani? Ah, hapo ndipo penye uchungu. Mwanzoni benchi ishirini hazikutosha, watu walisimama madirishani. Halafu ikaja 1931, kazi zikapungua, na kompani ikawapakia watu wa ng'ambo kwenye treni ya kwenda kusini, behewa baada ya behewa. Mukuka aliwasindikiza stesheni kwa nyimbo. Aliporudi alikuta amebaki na watu arobaini. Mwaka huu ninaousimulia walikuwa kumi na mmoja. Misioni iliandika mara mbili: rudini, mmezeeka, nyumba yenu ipo. Mara mbili Mukuka alijibu kwamba maadamu amebaki mmoja, yeye hatoki. Ngosa alitaka kurudi. Hakuulizwa.

Mukuka alikuwa mtu mwema na mkaidi, vyote viwili kwa kipimo kimoja. Koti alikuwa nalo moja, jeusi, alilopewa na misioni siku ya kuondoka, na kila Jumamosi alilipiga burashi kama mtu anayemwogesha farasi. Hakulewa, hakumpiga mke, hakula cha mtu. Ila akishasema neno mbele ya watu, hata malaika ashuke, halirudi.

Sasa nikueleze lile neno alilolisema.

Mukuka alikuwa wa ukoo wa Mamba. Ngosa wa ukoo wa Samaki. Kwao mtu huchukua ukoo wa mama yake, na Mamba na Samaki ni watani tangu enzi za mababu, kwa sababu unaijua mwenyewe: mmoja humla mwenzake. Mtani kwao si mtu wa kukutania sokoni tu. Mtani ndiye anayekuzika. Mamba akifa, Samaki ndio wanaomwosha, ndio wanaochimba, ndio wanaobeba. Na wakati wanafanya hayo wanamtukana marehemu, wanaigiza mwendo wake, wanalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wapewe kuku, wanaingia jikoni kwa wafiwa na kubeba wanachotaka. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Bila hayo, kwao, mtu hakuzikwa. Amefukiwa tu.

Mwaka 1928 mdogo wake Mukuka, wa tumbo moja, aliangukiwa na mwamba machimboni. Samaki wa Élisabethville walikuja wote, na mbele yao kijana mmoja wa tanuru, Mwansa, mwenye mdomo usiolala. Mwansa akajitupa ndani ya kaburi, akajinyoosha chali. "Mamba huyu alikuwa mvivu, hata maji yalimchosha," akasema kutoka shimoni. "Nileteeni kuku wangu. La sivyo mimi nalala humu, yeye akalale kwangu."

Watu walicheka, machozi yakiwatoka. Lakini siku hiyo mzungu mkubwa wa misioni alikuwa amekuja kwa treni kukagua kazi, na alisimama pale na kofia mkononi, uso umekunjamana. Mukuka aliuona uso ule na aibu ikampanda. Akashuka kaburini, akamshika Mwansa ukosi, akamvuta juu mpaka shati likachanika.

"Ushenzi huu uishe leo," alisema mbele ya wote. "Katika kilio cha nyumba yangu mtani asikanyage tena. Hata siku yangu mimi."

Mwansa alijipangusa udongo. Ngosa alikuwa akimtazama, akiomba ndani ya moyo kwamba ajibu kwa tusi, tusi lolote. Mwansa hakutukana. Alipiga makofi mawili madogo ya heshima, kama mtu anavyomsalimu mkwe. "Tumesikia, Mwalimu," alisema, na akawapeleka Samaki wake wakakae nyuma, kimya.

Tangu siku ile, miaka ishirini na mitatu, Mwansa hakumtania Mukuka hata mara moja. Alibatizwa, akawa mmoja wa wale kumi na mmoja, akaketi benchi la mwisho. Wakikutana njiani alivua kofia na kupiga yale makofi mawili. Mukuka alifurahi, akadhani ameshinda. Ngosa, ambaye naye ni Samaki, alielewa. Samaki kumheshimu Mamba namna ile ni sawa na kumfungia mlango na komeo.

Halafu miaka miwili baadaye surua ilimchukua mtoto wao wa pekee, Delphine, mwenye miaka mitatu. Delphine alikuwa Samaki kama mama yake, kwa hiyo kazi ilikuwa ya Mamba, ndugu za Mukuka mwenyewe. Walikuja. Mukuka aliwasimamisha uani, akawaambia waingie kwa nyimbo au warudi. Waliingia kwa nyimbo. Mtoto alizikwa kimya, kama mzigo unavyoshushwa stesheni. Ngosa alirudi nyumbani bila mtu hata mmoja aliyemlazimisha kucheka, na kilio chake hakikupata pa kutokea. Alimchukia mumewe mwaka mzima. Alipika, alifua, alimkunjia barua, na alimchukia. Kisha chuki ikachoka, wakaendelea.

Ndiyo maana nakwambia aliogopa mazishi.

Mwezi wa saba ulipofika katikati, mzee alianza kutema damu. Ngosa akajitanda kitambaa, akamwambia anakwenda kwa wagonjwa, na hakwenda kwa wagonjwa. Alikwenda kwa Mwansa. Mwansa alikwisha kustaafu, alishona viatu barazani kwake, nywele zote nyeupe.

"Mama Ngosa, karibu, ikala," Mwansa alisema, akasafisha kiti kwa mkono. "Mwalimu iko namna gani?"

"Eko anakohoa tu. Damu inatoka." Ngosa hakukaa. "Baba Mwansa, minakuya kuomba kintu kimoja. Siku Mwalimu atakufwa, mukuye mumuzike. Weye na bale Samaki wanabakia. Mumuzike vile batani banazikaka."

Mwansa aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Ngosa.

"Tutakuya, mama. Tutavaa makoti. Tutaimba muzuri," alisema. "Mwalimu alitufundisha."

"Haiko vile minaomba."

"Najua. Lakini yeye mwenyewe alisema mbele ya bantu bote: hata siku yangu miye. Siye tulisikia. Miye siwezi kumuvunjia neno lake akiwa amelala hawezi kujibu. Yeye mwenyewe aniite. Akiniita, hata leo, nakuya mbio." Halafu akapiga makofi mawili madogo.

Ngosa alirudi kwa njia ya nyuma ili watu wasimwone analia.

Nyumbani alipasha uji, akakaa kando ya kitanda, akamwambia mumewe kila kitu. Hakuficha hata ile safari ya uongo. Alidhani mzee atakasirika. Mukuka alitazama dari.

"Siwezi," alisema.

"Ni neno moja tu, baba. Mwansa anangoja neno moja."

"Unadhani ni kiburi. Labda kilikuwa kiburi zamani." Akapumua, kifua kikakoroma. "Sikiliza, Ngosa. Kama nilikosea kwa Mwansa, basi nilikosea na kwa Delphine. Nilimzika mtoto wetu vibaya. Hilo siwezi kulibeba. Niache niende nikiamini nilifanya vizuri."

Ngosa alikaa na bakuli mkononi. Miaka yote hiyo alidhani mumewe hajawahi kuwaza juu ya siku ile. Kumbe aliiwaza, na aliiogopa kuliko kaburi lake mwenyewe. Alimhurumia, na huruma ilimuuma kuliko ile chuki ya zamani. Hakumwomba tena.

Siku mbili kabla ya mwisho jambo dogo lilitokea. Ngosa alikuwa anamlisha kapenta alizozisaga ndani ya uji, kijiko kwa kijiko, na mzee akageuza macho kumtazama. Zamani, kabla hajawa mwalimu, alipokuwa bado kijana wa mtoni anayemchumbia, walitaniana mpaka majirani wakaziba masikio: yeye atamla, naye Ngosa atamkwama kooni. Chuo cha misioni kilimwondolea mambo hayo. Sasa midomo ile iliyokauka ikatikisika.

"Samaki njo anamulisha mamba," alisema.

Ngosa akacheka. Mzee naye akacheka, kikohozi kikamshika, damu ikaja nyingi, na kicheko kikaishia hapo. Alikufa Alhamisi, king'ora cha saa sita kilipokuwa kinalia, Ngosa akiwa anamgeuza upande.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa kumi. Alivikwa sanda ya shuka, kama alivyoagiza, maana koti, alisema, ni mali ya misioni. Mwansa alitimiza ahadi: alikuja amevaa koti, na Samaki wengine sita nyuma yake, na wote waliimba vizuri. Vibarua wa manispaa walikuwa wamekwisha kuchimba, wamesimama pembeni wakivuta sigara. Misioni nyingine ya mjini ilimtuma mchungaji wake, mzungu kijana mwenye sauti laini, asiyemjua marehemu. Alisema vizuri kadiri alivyoweza. Alisema: tazameni, hapa hakuna kelele za kale, hakuna matusi juu ya wafu, hii ndiyo kazi aliyoifanya mtumishi huyu. Kisha akanyamaza ili watu waione kazi hiyo.

Ukimya ule, ndugu yangu. Upepo wa kiangazi ulipita kwenye nyasi kavu. Watu kumi na tisa walisimama na mikono mbele, wameinamisha vichwa. Jeneza likashushwa kwa kamba, kibarua akainua koleo la kwanza. Ngosa alikuwa amekaa chini, kichwa kimefunikwa, kama mjane anavyopaswa. Akasikia udongo ukigonga ubao. Sauti ile ile ya siku ya Delphine.

Akasimama. Mwanamke mmoja alimshika kitenge, akakivuta kutoka mkononi mwake. Alitembea mpaka ukingoni, akamwashiria kibarua asubiri, akafunua kichwa.

"Mamba," alisema. "Wewe Mamba. Kumbe na wewe unaweza kunyamaza."

Mjane kumtania marehemu wake ni jambo lisilofanywa na mtu yeyote, si kwao wala hapa. Alilijua hilo. Lakini alikuwa Samaki kabla hajawa mke.

"Miaka ishirini na saba unasema peke yako. Nikipika, unasema. Nikilala, unasema. Leo nasema mimi, na usithubutu kunijibu." "Mutazame mamba huyu. Mamba gani anayekunywa uji? Alinitoa kwetu mtoni akaniambia miaka mitatu. Mitatu! Kuhesabu hakujua, na bado alijiita mwalimu."

Alitazama huku na huku. Nyuso zote zilikuwa chini. Mchungaji alikuwa amefungua mdomo na kuuacha wazi.

"Na koti lake lile. Kila Jumamosi burashi, burashi. Mke wake hakuguswa kwa upole namna ile. Koti ndilo lingefaa kwenda mbinguni, yeye abaki huku anaoshwa." Alingoja. Mahali hapo watu walipaswa kucheka. Hawakucheka. Alikuwa peke yake kabisa, mwanamke mzee anayelitukana shimo katika nchi ya watu, na bado hakuweza kukaa chini, maana neno alilolitaka lilikuwa halijatoka.

"Mtoto wangu ulimzika kimya," alisema, na sasa haukuwa utani. "Ukimkuta huko, mchekeshe kwanza. Usimhubirie. Mchekeshe kwanza, ndiyo umsalimie."

Mchungaji alikuja kumshika mkono kwa upole, akimwita mama, akimwambia huzuni imemzidi.

Mwansa alikuwa amesimama nyuma ya wote. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye nyasi na kofia juu yake. Akapita katikati ya watu, akamnyang'anya kibarua koleo bila kuomba, na akaanza kufukia. Hakutania. Alifukia kwa pupa mpaka shati likamshika mgongoni, na Samaki wale sita, mmoja baada ya mwingine, wakachukua makoleo mengine. Vibarua wakarudi nyuma. Kaburi lilipokuwa limejaa, Mwansa alipita mbele ya Ngosa akijifuta jasho. Hakupiga makofi.

"Ile kuku yangu ya siku ile," alisema, akitazama pembeni. "Ungali nayo?"

Ngosa alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alijifunika kichwa tena.

"Kuya uione," alisema.

Mwansa alikuja kesho yake asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri. Hakubisha hodi. Aliingia jikoni akafunua chungu, akala bukari baridi lililobaki, akiwa amesimama, bila kunawa. Akamshika kuku jike aliyekuwa amefungwa mguuni pa meza. Halafu akaliona koti jeusi likining'inia kwenye msumari, akalivaa. Mikono ilimzidi urefu, ikafunika vidole. Akasimama katikati ya chumba na kuku kwapani, akainua kidole kimoja, akakohoa kile kikohozi, kile chenyewe, na kuanza kuhubiri bila sauti, midomo ikienda tu, kichwa kimeinuka namna Mukuka alivyokuwa akikiinua akijua kwamba yuko sahihi.

Ngosa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, kile cha Delphine, cha mwaka 1930, pamoja na hiki, na alikaa chini sakafuni. Mwansa hakumbembeleza. Mtani habembelezi. Alimruka pale alipokaa, akatoka na kuku wake na koti la misioni, na watu wa Albert wakasimama milangoni kumtazama akipita.

Ngosa alipokwisha kulia jua lilikuwa juu ya bati. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa, chungu kitupu, na msumari ukutani. Ng'ambo ya Luapula hakuna aliyekuwa anamjua tena kwa uso, na hapa alikuwa mke wa mtu ambaye hayupo. King'ora cha kompani kilikwisha kulia zamani. Kile kipande cha reli mbele ya kanisa hakikupigwa asubuhi ile, na hakuna mtu aliyekuja kuuliza.